Msukule, Kazi na Kicheko

Mwaka 1929 mwandishi wa Kimarekani, William Seabrook, alichapisha kitabu The Magic Island, akasimulia aliyoyasikia Haiti: maiti wanaofufuliwa kwa uchawi na kupelekwa katika mashamba ya miwa, wakafanya kazi bila ya ujira wala manung'uniko. Miaka mitatu baadaye filamu White Zombie iliwaonesha viumbe hao wakizungusha mashine za kiwanda cha sukari. Zombi wa asili hali watu; kazi yake ni kufanya kazi. Kwa taifa lililovunja utumwa wake kwa mapinduzi ya 1791 hadi 1804, hapakuwa na adhabu kubwa kuliko kufa na bado usipumzike.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jambo hili. Neno msukule lina uchungu uo huo: mtu ameliliwa na kuzikwa, kumbe huaminika yuko shambani kwa mchawi, analima usiku.

George Romero ndiye aliyembadilisha. Katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968, maiti hana tena bwana, ana njaa ya nyama ya watu tu. Katika Dawn of the Dead ya 1978 anazurura ndani ya jumba la maduka. Kazi ikasahauliwa, ukaja ulaji.

Kazi ilirudi kwa njia ya kicheko. Shaun of the Dead, filamu ya Kiingereza ya mwaka 2004, inamhusu muuzaji wa duka la vifaa vya umeme jijini London. Kabla ya maradhi kuzuka, kamera inawapitia wasukuma vitoroli, makeshia wa supamaketi na watu wanaongoja basi. Wote wanakwenda kwa mwendo mmoja, macho yamewafifia. Maradhi yanapoingia, Shaun haoni tofauti. Huo ni utani wa wafanyakazi wenyewe, wanaojua kwamba mtu aweza kufa kazini kabla ya siku yake.

Mashujaa wa filamu hiyo wanalikimbia baa kwa kukimbilia baa, wanywe hadi mambo yatulie. Machi 2020 korona ilipoenea, waigizaji wake, Simon Pegg na Nick Frost, waliurudia mpango huo katika video fupi, lakini wakaupindua: safari hii shauri lilikuwa kubaki nyumbani. Tarehe 23 ya mwezi huo serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wake wafanye hivyohivyo. Watumishi wa ofisi wakahamishia kazi mezani pa chakula, shati la heshima juu na nguo ya kulalia chini, wakataniana kwamba wamegeuka mazombi.

Lakini si wote waliopata nafasi ya kutaniana hivyo. Makeshia na madereva wa mabasi waliendelea kutoka kila alfajiri, na serikali ikawaorodhesha miongoni mwa wafanyakazi muhimu. Madereva kadhaa wa mabasi ya London walifariki kwa maradhi hayo. Aliyeitazama tena filamu ile wakati huo alikutana na sura zile zile za mwanzo, za kaunta na za kituo cha basi. Mwaka 2004 zilichekwa kwa kuwa zilifanana na maiti. Mwaka 2020 ndizo zilizowalisha na kuwasafirisha walio hai.