Nani Ana Haki ya Kukataa Mnara?

Eneo la Uhuru Park na jirani yake lina minara miwili ninayoijua, na mmoja ambao haukujengwa. Huo wa tatu ndio unaonifundisha zaidi jinsi Nairobi inavyoamua nani akumbukwe.

Wa kwanza ni mnara wa Nyayo, wa 1988, kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Moi: mkono ulioshika fimbo ukichomoza kwenye kilele cha Mlima Kenya. Wa pili ulizinduliwa Septemba 2015, kuwakumbuka walioteswa na wakoloni wakati wa Mau Mau.

Wa tatu ulikuwa wa 1989. Kampuni ya gazeti la KANU, Kenya Times, ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 humo bustanini, pamoja na sanamu kubwa ya Moi. Chama kilitaka, serikali ilikubali, basi. Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi. Bungeni wakamcheka. Akaenda Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huo kesi ikatupwa: hakuwa na haki ya kushtaki, kwa sababu hakuna hasara iliyomgusa yeye binafsi. Hebu fikiria. Bustani ni ya umma, lakini mwananchi mmoja wa huo umma hana la kusema!

Mradi ulikufa baadaye, wafadhili wa nje walipoingiwa na baridi. Kwa hiyo bustani iliokolewa na kelele na pesa. Utaratibu wa kutoa idhini haukusaidia kitu.

Tangu hapo mambo yamesogea. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamtaka waziri atangaze kwenye Gazeti Rasmi anapotaka mahali palindwe kama turathi, na anayepinga anapewa muda wa kupinga. Katiba ya 2010, Kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia yeye. Mlango aliofungiwa Maathai sasa uko wazi.

Lakini sheria ya turathi inalinda zaidi kilichokwisha kusimama. Kipi kisimame kwanza, hilo bado ni la siasa. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957, na sanamu yake jijini ikazinduliwa Februari 2007. Miaka 50! Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1950, na marufuku hiyo iliondolewa 2003. Kabla ya hapo, ofisa gani angethubutu kugonga muhuri?

Ndiyo maana mnara wa 2015 naupa alama zaidi. Pesa zilitoka Uingereza, baada ya maafikiano ya 2013 na wazee 5,228 walioshtaki. Hilo linaweza kukukera, na una haki. Ila wapiganaji wenyewe walikaa mezani, pamoja na watetezi wa haki, kaunti na Waingereza. Pale unamwona mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama upande wake, ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Wa Nyayo unakuonyesha mkono wa mkubwa. Huu unakuonyesha hofu ya watu wadogo, kwa sababu safari hii waliulizwa.

Kwa hiyo serikali ikitangaza sanamu nyingine, mimi sitaanza kwa kuuliza ni ya nani. Nitauliza: mwananchi wa kawaida angepinga wapi, lini, na nani angelazimika kumjibu?