Chumba cha Giza Ndani ya Pakiti

Februari 2008 kampuni ya Polaroid ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza filamu ya picha za papo hapo, na kwamba viwanda vyake vya Massachusetts, Mexico na Uholanzi vitafungwa. Wapiga picha waliokuwa wakiitegemea walikimbilia madukani, wakanunua pakiti zilizosalia na kuzijaza kwenye majokofu, huku wakijua kwamba dawa iliyomo ndani ina umri wake na haitawangoja. Tangu siku hizo imezoeleka kusemwa kwamba kamera ya dijitali ndiyo iliyoiua filamu hiyo. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanatuonyesha tu kwa nini kampuni ilipata hasara. Hayatuonyeshi kwa nini hasara ya kampuni moja iliweza kuwaacha watu wengi na kamera nzima mikononi, zisizo na kasoro yoyote, lakini zisizo na kazi. Jibu la swali hilo liko nyuma zaidi ya dijitali: liko katika jinsi filamu yenyewe ilivyoundwa, na katika jinsi ilivyolindwa mahakamani.

Kwa desturi, mpiga picha alikuwa na kazi mbili, kupiga na kusafisha. Kusafisha kulifanyika katika chumba cha giza, kwa dawa ambazo fundi aliweza kuzipima na kuzichanganya mwenyewe. Dawa maarufu ya D-76, iliyotolewa na Kodak mwaka 1927, haikuwa siri: metoli, hidrokwinoni, salfaiti ya sodiamu, boraksi na maji, basi. Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, alionyesha uvumbuzi wake jijini New York Februari 1947 na kamera yake ya kwanza ikauzwa Boston Novemba 1948. Alichofanya ni kukihamisha chumba chote cha giza na kukifungia ndani ya karatasi. Dawa ilitiwa katika kifuko kidogo ukingoni. Picha ilipovutwa, rola mbili zilikipasua kifuko na kuitandaza dawa kati ya negativu na karatasi ya picha. Mwaka 1972 ikaja kamera ya SX-70, ambayo picha yake haikuhitaji hata kubanduliwa. Kamera yenyewe iliitema, nayo ikajichora mbele ya macho ya watu. Jambo moja katika muundo wake linastahili kutazamwa kwa makini: betri iliyoendesha kamera hiyo haikukaa ndani ya kamera, ilikaa ndani ya pakiti ya filamu. Bila pakiti mpya, kamera ilikosa filamu na umeme kwa pamoja.

Atakayesema kwamba huo ulikuwa ukombozi hatakosea, na hoja yake isipuuzwe. Watu wasiojua dawa wala mizani walipata uwezo wa kupiga picha na kuiona kabla hawajaondoka mahali pale. Wasanii wakubwa nao walifaidika. Ansel Adams, bingwa wa chumba cha giza kuliko wengi, alipiga picha ya mlima wa El Capitan mwaka 1968 kwa filamu ya Polaroid iitwayo Type 55, iliyotoa picha pamoja na negativu yake. Walker Evans, akiwa mzee na mgonjwa, alipiga zaidi ya picha elfu mbili kwa SX-70. Elsa Dorfman wa Cambridge, Massachusetts, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kamera kubwa mno ya Polaroid iliyotoa picha ya inchi 20 kwa 24, na familia zilizopigwa picha ziliiona pale pale studio, zikiwa pamoja naye. Faida hizo ni za kweli. Lakini kila mmoja wao alipewa uwezo wa kutumia bila kupewa uwezo wa kutengeneza, na tofauti hiyo haionekani mradi duka halijaishiwa.

Kuna watu walioiona tofauti hiyo mapema, tena kwa sababu nzito kuliko sanaa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vilitumika kupigia picha za pasi ambazo serikali ya makaburu iliwalazimisha Waafrika kutembea nazo. Walidai kampuni iache kabisa kuuza bidhaa Afrika Kusini, na baada ya miaka ya kampeni, mwaka 1977, ikaacha. Dai lao lilikuwa na nguvu kwa sababu walijua kwamba kamera ya papo hapo haimtii aliyeishika, inamtii anayeipelekea filamu. Ukweli uliowapa silaha dhidi ya ubaguzi ndio uleule uliowaumiza wapiga picha miaka thelathini baadaye.

Tukio lililotangulia lile la 2008, na ambalo naliona kuwa zito kulishinda, ni la 1986. Kodak iliingia katika biashara ya picha za papo hapo mwaka 1976, na Polaroid ikaishtaki mara moja kwa kuvunja hataza zake. Polaroid ilishinda. Januari 1986 Kodak ililazimika kuacha kutengeneza kamera na filamu hizo, na mwaka 1991 ikalipa dola milioni 925. Mamilioni ya watu waliokuwa na kamera za Kodak wakabaki na plastiki ya kuweka kabatini. Kisheria Polaroid ilikuwa na haki, maana uvumbuzi ulikuwa wake. Hata hivyo ushindi huo uliiacha Marekani na mtengenezaji mmoja tu wa filamu ya papo hapo, na mtengenezaji huyo alipofilisika mara ya kwanza, mwaka 2001, hapakuwa na wa kupokea mzigo.

Pengine itapingwa kwamba kila mpiga picha hutegemea kiwanda, kwa kuwa hakuna anayetengeneza filamu yake mwenyewe nyumbani. Ni kweli, lakini kutegemea kuna viwango. Ilford ya Uingereza ilipoanguka mwaka 2004, wenye kamera za milimita 35 waliweza kununua mkanda wa Kodak, wa Fuji au wa Foma ya Ucheki, wakautia katika kamera ileile na kuusafisha kwa dawa ileile. Kisha mameneja wa Ilford wenyewe wakainunua idara ya filamu nyeusi na nyeupe, na kazi ikaendelea. Filamu ya papo hapo ya jamii ya SX-70 haikuwa na jirani wa namna hiyo. Hata Instax ya Fuji, ambayo kufanikiwa kwake sokoni kunaonyesha kwamba watu hawakuichoka picha ya papo hapo, haikutengenezwa kwa vipimo vya kamera hizo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Enschede, Uholanzi. Kiwanda cha Polaroid cha huko kilipofungwa Juni 2008, Florian Kaps na André Bosman waliiokoa mitambo isiuzwe kama chuma chakavu, wakabaki na mafundi wachache wazoefu, na mradi wao wakauita Impossible. Walikuwa na mashine, jengo na watu walioifanya kazi hiyo miaka mingi. Walichokosa ni malighafi, kwani Polaroid ilikuwa imeshaacha kuzitengeneza nyingi kati yake. Iliwabidi wabuni filamu upya. Ya kwanza ilitoka 2010, nyeusi na nyeupe, na ilipaswa kukingwa na mwanga mara tu ilipotoka katika kamera. Kama mafundi wa kiwanda chenyewe hawakuweza kurudia kazi yao ya jana, mpiga picha mmoja angeweza wapi?

Filamu za Enschede zilipata nguvu polepole, na leo zinauzwa tena kwa jina la Polaroid. Lakini mradi huo uliziokoa kamera za jamii ya SX-70 na ndugu zake tu. Zile za kubandua zinazotumia filamu ya pakiti, zilizoanza kuuzwa 1963, ziliendelea kuishi kwa filamu ya Fuji iitwayo FP-100C. Fuji ilitangaza mwisho wake mwaka 2016.