Ngazi za Vyeo na Afya ya Watumishi wa Whitehall

Whitehall ni mtaa wa London zilikokusanyika wizara za serikali ya Uingereza, na jina lake limekuja kumaanisha utumishi wa umma wenyewe. Ngazi za vyeo vyake zinatokana kwa sehemu kubwa na taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, iliyotaka watumishi wapatikane kwa mtihani badala ya upendeleo, na kazi ya kufikiri na kuamua itengwe na kazi ya kunakili na kutunza majalada. Mgawanyo wa namna hiyo haukuwa mgeni katika ofisi za kikoloni za Afrika Mashariki, ambamo tarishi, karani na Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, kila mmoja alijua kiti chake.

Iliaminiwa kwa muda mrefu kwamba anayechakaa mapema ni mkubwa wa ofisi, kwa kuwa ndiye abebaye maamuzi mazito. Utafiti ulioanza mwaka 1967 kwa kuwapima wanaume wapatao 18,000 wa Whitehall uliibatilisha imani hiyo: matarishi na mabawabu walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha maofisa wa juu, na uvutaji wa sigara ulieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Wala hawa hawakuwa mafukara wasio na ajira. Kila mmoja alikuwa na mshahara wa serikali.

Utafiti wa pili, ulioanzishwa mwaka 1985 chini ya mtafiti wa afya Michael Marmot, uliwahusisha wanaume na wanawake 10,308, na safari hii afya ya akili ilichunguzwa kwa makini zaidi. Ilionekana kwamba wasio na uhuru wa kuamua namna ya kuifanya kazi yao, wasioungwa mkono na wasimamizi, na wale ambao jitihada yao haikulingana na ujira wala heshima waliyopewa, ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya sonona na wasiwasi. Hali hizo zinakaribiana na uchovu wa kazi, yaani kuishiwa nguvu na ari kutokana na shinikizo la muda mrefu kazini, ambao mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974 na ambao Shirika la Afya Duniani limeuainisha kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa.

Ushahidi mzito zaidi kwamba hali ya kazi yenyewe huathiri afya ulitoka katika idara moja iliyosimamia majengo ya serikali, ambayo ilitangazwa kuwa itabinafsishwa: afya ya watumishi wake, kwa maelezo yao wenyewe, ilianza kuzorota kabla idara haijauzwa.