Mfuko wa Barua Uliolala Bagamoyo

Nani kati yetu hakupata kupitisha kijibarua darasani, dawati hadi dawati, mwalimu akiwa amegeukia ubao? Mwenye ujumbe hakuhitaji kupaza sauti. Alihitaji jirani wa kupokea na kusogeza. Lakini jirani mmoja akizembea, kijibarua hakifiki. Akiwa mmbeya, kinafika kimekwisha somwa.

Pwani yetu iliishi kwa utaratibu huo kabla ya kuja waya. Katika karne ya 19 barua za bara zilivuka kutoka Unguja kwa jahazi, zikashushwa Bagamoyo na kuingia katika mizigo ya wapagazi. Mfuko mmoja wa barua za Dk. Livingstone, uliotumwa kutoka Unguja, uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Kwa maelezo ya Henry Stanley, msafara uliopewa mfuko huo ulikaa Bagamoyo kiasi cha siku mia moja, kwa hoja kwamba wapagazi hawakupatikana. Ulipofika Unyanyembe ulikwama tena, kwa kuwa vita vya Mirambo vilifunga njia. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871, ndiye aliyeuchukua na kumkabidhi mwenyewe huko Ujiji mwezi Novemba. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Hapo twajifunza kwamba kufunga mfuko hulinda siri, lakini hakuufikishi mfuko.

Mwaka 1890 waya wa simu uliopita chini ya bahari uliunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Baadaye ikaja simu ya upepo, isiyohitaji waya. Lakini tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoishambulia Dar es Salaam, shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kituo kimoja kikubwa ni nguvu kubwa. Vilevile ni shabaha moja.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani walirudia, kwa njia mpya, utaratibu wa wapagazi. Walijaribu redio zinazopokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bila kutegemea mnara mmoja. Faida yake ni hesabu ya fizikia. Mahali pa wazi, umbali ukipunguzwa nusu, robo ya nguvu yatosha kurusha ujumbe. Basi redio mbili zikigawana safari, kila moja ikitumia robo, jumla ya nguvu ya kurusha ni nusu tu.

Hata hivyo, kusikiliza nako hula betri. Kwa hiyo redio hupangiwa zamu za kulala na kuamka. Tena redio iliyo katikati hubebeshwa mizigo ya wote, ikazimika kabla ya wenzake. Programu nzuri huipumzisha, ikaupitisha ujumbe kwa wenye betri iliyojaa, hata kama njia ni ndefu zaidi.

Upande wa usalama, redio mbaya yaweza kujitangaza kuwa ndiyo njia fupi, kisha ikameza kila ujumbe inaopewa. Dawa yake ni kuufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, kumtaka kila mpokezi athibitishe ni nani, kudai stakabadhi kutoka mwisho wa safari, na kuwa na njia ya pili. Lakini kila kufuli nalo hula betri. Anayeongeza makufuli bila hesabu huishia na mtandao salama uliozimika. Anayeyaondoa yote ili kuokoa betri huishia na mtandao unaofanya kazi kwa faida ya mwizi.

Ninyi wanafunzi mnaosoma fizikia na hesabu, jambo hili si la mbali. Siku minara itakapozimwa na mafuriko au dhoruba, habari ya mvuvi aliyepotea kati ya Bagamoyo na Saadani yaweza kutegemea redio ya jirani yake, na ya jirani wa jirani huyo. Wazee wa misafara walijua kwamba mpagazi asiye na posho hafiki, na asiye mwaminifu hafikishi. Atakayejenga mitandao ya kesho hana budi kuyashughulikia yote mawili kwa pamoja, la sivyo mfuko utalala tena Bagamoyo.