Vipeo: kwa nini hatua 35 kwa 35 siyo nusu heka

Mkulima wa alizeti mkoani Singida akikodi shamba, mara nyingi kipimo chake ni miguu. Hatua 70 kwa 70, hiyo ni heka moja. Hesabu hiyo ni ya kipeo, hata kama hakuna anayeiita hivyo pale shambani.

Kipeo ni nini?

Ni namba ndogo inayoandikwa juu, kulia kwa namba nyingine. Inaonyesha namba ya chini iandikwe mara ngapi katika kuzidisha. Kwa mfano:

70² = 70 × 70 = 4,900
2³ = 2 × 2 × 2 = 8

Wengi hukosea kwa kuzidisha namba kwa kipeo chake. 2³ siyo 2 × 3. Jibu ni 8, siyo 6.

Hasara yake shambani

Mtu analipia nusu heka. Anapimiwa hatua 35 kwa 35, kwa sababu nusu ya 70 ni 35. Inaonekana sawa kabisa, lakini hapo kapigwa.

35² = 1,225, ambayo ni robo ya 4,900. Amelipia nusu, amepewa robo. Pande zote mbili zikigawanywa kwa 2, eneo linagawanywa kwa 2², yaani 4.

Nusu heka ni hatua 70 kwa 35, sawa na 2,450.

Kanuni 3 za kushika

1. Ukizidisha namba zinazofanana, jumlisha vipeo: 2³ × 2² = 2⁵ = 32.
2. Ukigawanya, toa vipeo: 2⁵ ÷ 2³ = 2² = 4.
3. Namba yoyote isiyo sifuri, ikiwa na kipeo 0, jibu ni 1. Angalia: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila kipeo kikishuka, jibu linakatwa nusu. Kwa hiyo 2⁰ ni 1.

Kwenye mkopo je?

Chukua mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mkopaji hajarejesha chochote kwa mwaka mzima.

Riba ikihesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo tu, deni linafika 220,000.

Riba ikiongezwa kwenye deni kila mwezi, mwezi unaofuata nayo inatozwa riba. Deni linazidishwa kwa 1.1 kila mwezi, mara 12: 100,000 × 1.1¹². Hapo linapita 313,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni zaidi ya 93,000.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi, au kubonyeza "kubali" kwenye simu, uliza swali moja: riba inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo, au kwenye deni lote lililofikiwa?