Msitu wa Kigothi ni Msitu wa Mahame

Wagothi walikuwa watu wa Ulaya walioiteka Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye Waitalia walilitumia jina lao kuyabeza makanisa ya kale yenye matao yaliyochongoka, eti ni ujenzi wa kishenzi. Mwaka 1765 Mwingereza Horace Walpole akaligeuza tusi hilo kuwa sifa: toleo la pili la riwaya yake, The Castle of Otranto, alilipa jina la hadithi ya kigothi. Ndani yake mna ngome kuukuu, na dhambi ya babu inayomwandama mjukuu.

Wengi wetu tukilitafsiri neno kigothi huandika "ya kutisha", basi. Haitoshi. Zimwi wa ngano zetu anatisha na makazi yake ni msituni, lakini hana historia; anakula watu kwa sababu ana njaa. Kigothi hudai mahali ambapo jambo la zamani halijaisha. Penye ngome, gofu hufanya kazi hiyo. Pasipo na ngome, msitu hushika zamu, ila nao lazima uwe na kitu kilichoachwa. Filamu ya The Blair Witch Project (1999) inawazungusha vijana watatu katika msitu wa Maryland, Marekani, na mwisho inawaingiza katika nyumba iliyotelekezwa katikati ya miti.

Kiswahili kina neno la mahali pa namna hiyo: mahame. Na mwambao wa Ziwa Tanganyika umejaa mahame. Ndani ya Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, michikichi imesimama mabondeni, na sokwe wanajilia ngazi zake bila kumwomba mtu. Eneo lile lilifanywa pori la akiba mwaka 1943, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1968. Kusini, kwenye milima ya Mahale, Watongwe walikuwa na vijiji vyao hadi walipohamishwa miaka ya 1970. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1985. Miembe na milimau yao ilibaki. Mwembe ukiukuta katikati ya msitu, ujue hapo palikuwa na ua, na mtu aliyekula embe akatupa kokwa.

Wageni waliotutungia misitu ya giza hawakuyaona hayo. Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, baadaye aliuchora msitu wa Ituri kama kiza kitupu, na Joseph Conrad akafuata na riwaya yake ya Kongo mwaka 1899. Kwangu mimi hicho ni kigothi nusu: hofu ipo, waliohama hawapo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyemsindikiza Stanley kupita Nyangwe mwaka 1876, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo utasoma zaidi habari za pembe, machifu na mali kuliko za giza.

Dhambi ya babu, hata hivyo, haihitaji kutungwa. Misafara ya watumwa ilivuka ziwa, ikatua Ujiji, ikaelekea Bagamoyo. Basi mtindo tuuite kigothi, msitu wake tuuite msitu wa mahame, na "kutisha" tumwachie zimwi. Mwongozaji wa filamu atakayekuja Kigoma aache bundi na moshi wa mashine. Aanze kwa kuuliza mchikichi huu ulikuwa wa nani.