Bibi Rosemary Lowe na Uzazi wa Ngege

Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria twajua bei ya samaki kuliko tujuavyo uzazi wake. Napenda kueleza habari za mtu aliyeuchunguza uzazi huo mapema, kwa maana elimu yake yatuhusu hapa Mwanza hata leo.

Bibi Rosemary Lowe alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921, akasoma katika Chuo Kikuu cha mji huo. Mwaka 1945 alikwenda Ziwa Nyasa kuchunguza perege, na mwaka 1948 akahamia Jinja, Uganda, kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi kilichozihudumia nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Alichunguza pia samaki wa Ziwa Jipe na mto Pangani. Perege mmoja aliyemtangaza mwaka 1955 anaitwa kwa jina la mji wetu wa Korogwe.

Wakati huo samaki mkuu wa biashara katika ziwa letu alikuwa ngege. Jike hutaga katika kiota kilichochimbwa na dume, kisha huyachota mayai kinywani na kuyaatamia humo. Hata vifaranga wakiisha kuanguliwa, hukimbilia kinywani mwa mama yao wakiona hatari. Bibi Lowe aliyahesabu mayai ya perege wa namna mbalimbali. Alionyesha kuwa wanaoatamia kinywani hutaga mamia tu, ilhali wanaoyaacha mayai chini na kuyalinda hapo hutaga maelfu. Mama anayelinda hivyo hahitaji watoto wengi. Lakini akinaswa, kizazi chote chaweza kupotea pamoja naye.

Hatari hiyo ilikwisha onekana. Nyavu za kigeni za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alipima uvuvi, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Katika miaka ya 1950 sharti hilo liliondolewa Tanganyika na Uganda. Miaka hiyohiyo waliletwa sangara na sato tunayemla leo. Sangara jike hutaga mayai kwa mamilioni. Furu, ambao nao huatamia kinywani, hawakuweza kushindana na mdomo wake, na katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka. Ngege naye karibu ameisha katika ziwa kubwa. Amesalia hasa katika viziwa vya kando, kama Kanyaboli nchini Kenya.

Na Bibi Lowe? Mwaka 1953 aliolewa na Bwana Richard McConnell, mtaalamu wa miamba. Kwa kanuni za utumishi wa kikoloni, mwanamke akiolewa alipaswa kuacha kazi, naye akaiacha. Utafiti hakuuacha: aliuendeleza Guyana, kisha London, akaandika vitabu vinavyotegemewa na wataalamu wa samaki wa nchi za joto. Mwaka 1997 alipewa Nishani ya Linnean. Alifariki mwaka 2014.

Vijana wetu, baadhi yenu mtasoma uvuvi Nyegezi, na wengine mtarithi mitumbwi ya wazee wenu. Kokoro limepigwa marufuku, lakini kila linapoburutwa ufukweni huvuruga viota na kuzoa akina mama na vifaranga vyao. Kabla ya kuuliza samaki atauzwa kiasi gani, ulizeni anazaa wangapi, na anawalea wapi.